Bamba Lililopasukia Nje: Uchambuzi wa Tangi Namba 5 la Concorde

Miongoni mwa vitu vilivyookotwa kwenye njia ya kurukia ndege namba 26R ya uwanja wa Roissy-Charles-de-Gaulle, Paris, baada ya ajali ya tarehe 25 Julai 2000, kulikuwa na kipande cha bamba la aloi (metali iliyochanganywa na nyingine) ya alumini chenye ukubwa wa sentimita 30 hivi kwa 30. Kilikuwa kimetoka chini ya bawa la kushoto la Concorde, ndege ya abiria yenye kasi kuliko sauti, yenye namba F-BTSC ya shirika la Air France, katika ngozi inayolifunga tangi la mafuta namba 5 kwa upande wa chini. Ndege yenyewe ilikuwa imeiangukia hoteli moja huko Gonesse, kilomita chache kutoka uwanjani. Watu wote 109 waliokuwamo walifariki dunia, pamoja na wanne waliokuwa hotelini. Kwa mtu mwingine, kipande kile kingepita kama taka nyingine yoyote ya ajali. Kwa mchunguzi wa metali ndicho kilichobeba kitendawili cha kisa kizima, kwa kuwa kingo zake zilionyesha kwamba kilipasuka kutoka ndani kwenda nje.

Maelezo ambayo wengi wetu tuliyapokea wakati ule yalikuwa mafupi: tairi lilikanyaga kipande cha chuma, likapasuka, kipande chake kikatoboa tangi, mafuta yakawaka. Maelezo hayo yamekaribia ukweli, lakini yanapotoka pale penye neno "kikatoboa". Kitu kinachotoboa huacha ushahidi wa kuingia, na bamba lile lilibeba ushahidi wa kutoka. Swali ninalolishughulikia hapa basi ni moja: inakuwaje kitu laini kama mpira kilipige bawa la metali kutoka nje, kisha metali ipasuke kuelekea huko huko nje, tena mahali pengine tofauti na pale ilipopigwa?

Mtiririko wa matukio

Safari hiyo namba 4590 ilikuwa ya kukodiwa, na abiria wake 100, wengi wao watalii wa Kijerumani, walikuwa wakielekea New York. Ndege ilianza kukimbia kwenye njia ikiwa na uzito wa tani 185 hivi, na karibu nusu ya uzito huo ilikuwa mafuta. Dakika chache kabla yake, ndege aina ya DC-10 ya shirika la Continental la Marekani ilikuwa imepaa kutoka kwenye njia hiyo hiyo kwenda Newark, na nyuma yake ukabaki utepe wa aloi ya titani uliobanduka kwenye injini, wenye urefu wa takriban sentimita 43, upana wa sentimita 3 na unene usiozidi milimita 1.5.

Wachunguzi wa BEA, ofisi ya Ufaransa inayochunguza ajali za ndege, walihitimisha kwamba Concorde ilipita juu ya utepe huo ikiwa tayari imevuka kasi ambayo baada yake marubani hawana tena nafasi ya kusimama salama. Mwendo wake ulikuwa takriban noti 175, yaani mita 90 kila sekunde. Tairi namba 2, lile la mbele upande wa kulia katika kundi la magurudumu manne ya mguu wa kushoto, lilikatwa na utepe, na kipande chenye uzito wa kilo 4.5 na urefu wa karibu mita moja kikarushwa juu kuelekea bawa. Majaribio yaliyofanywa baadaye, ya kupitisha tairi la aina hiyo juu ya utepe wa mfano, yalionyesha kwamba mkato wa namna ile unawezekana.

Muda mfupi sana baada ya hapo mafuta yalikuwa yakimwagika kwa makumi ya kilo kila sekunde, kiasi ambacho tundu dogo haliwezi kukipitisha. Kuhusu kilichoyawasha, wachunguzi walibaki na njia mbili: cheche ya umeme katika shimo la magurudumu, au sehemu za injini zenye moto. Injini mbili za kushoto zilipoteza nguvu, magurudumu hayakuweza kukunjwa ndani, na ndege haikuweza kupanda wala kuongeza kasi hadi ilipoanguka. Upo pia mjadala mrefu kuhusu kipuri cha mguu wa kushoto ambacho mafundi walisahau kukirudisha wakati wa matengenezo. BEA iliona kwamba hakikuchangia ajali, nami sitaurudia mjadala huo kwa sababu haubadilishi lolote kuhusu bamba.

Kusoma kingo

Anayetaka kuelewa jinsi wachunguzi walivyojua upande uliotoka nguvu aangalie kikwaruzo cha kujitengenezea nyumbani, kile cha bati lililotobolewa kwa msumari. Upande ulioingilia msumari ni laini ukiupapasa, na tundu limebonyea ndani kidogo. Upande uliotokea msumari una meno makali yanayokwaruza karoti. Bati haliwezi kudanganya kuhusu mwelekeo huo, kwa kuwa metali iliyo karibu na mpasuko hunyooka na kukunjika kufuata nguvu kabla haijakatika, na baada ya kukatika hubaki vivyo hivyo. Bamba la Concorde lilikuwa na kingo za kutokea, na halikuwa na jeraha la kuonyesha kwamba kipande kikubwa kililipiga hapo hapo kutoka nje.

Kingo husema na jambo la pili. Metali iliyochoka polepole, kwa mizigo midogo inayorudiwa maelfu ya mara, huacha kwenye uso wa mpasuko mistari iliyofuatana, mfano wa ile inayobaki mchangani maji ya bahari yanapokupwa, kila mstari ukionyesha mahali ufa ulipopumzika. Metali iliyozidiwa nguvu mara moja haina mistari hiyo. Katika bamba jembamba la aloi ya alumini mpasuko wa kuzidiwa huwa na uso uliochakaa, usio na mng'ao, na mara nyingi huinama kwa nyuzi 45 hivi kutoka kwenye uso wa bamba, kwa sababu metali hutelezeana kwenye mshazari huo kabla ya kuachana. Mchunguzi anayeuona uso wa namna hiyo hana haja ya kutafuta ufa wa zamani ambao mafundi hawakuugundua. Anachopaswa kutafuta ni nguvu kubwa ya ghafla, na anapaswa kueleza ilikotoka.

Mpira dhidi ya metali

Wengi husita hapa. Mpira ni laini, alumini ni ngumu. Laini litaivunjaje ngumu? Fundi bati anayenyoosha milango ya magari hashangai. Anazo nyundo mbili, ya chuma na ya mpira. Ya chuma huacha kovu pale inapogonga. Ya mpira haiachi kovu, lakini bati lote linalozunguka mahali pale husogea, na ndiyo sababu anaichagua anapotaka kubadilisha umbo la eneo pana bila kuliumiza. Ulaini wa kinachopiga hauondoi nishati ya pigo. Unachofanya ni kuisambaza juu ya eneo kubwa zaidi na kurefusha muda wake kidogo.

Tukadirie nishati yenyewe. Ukingo wa tairi linalobingirika, ukiupima kutoka kwenye ndege, huzunguka kwa kasi ile ile ya ndege, kwa hiyo kipande kilichokatika kilianza na mwendo wa karibu mita 90 kwa sekunde kulielekea bawa. Kilo 4.5 kwa mwendo huo ni nishati ya jouli elfu 18. Gari dogo la tani moja linaloingia ukutani kwa kilomita 21 au 22 kwa saa lina nishati kama hiyo. Hapo sijaihesabu hewa iliyokuwamo ndani ya tairi: matairi ya Concorde yalijazwa kwa shinikizo la baa 16 hivi, mara saba ya tairi la gari dogo, na tairi linapopasuka hewa hiyo nayo husukuma vipande vyake. Nishati ya gari zima, basi, ilitua juu ya ngozi ya bawa yenye unene wa milimita chache tu, kupitia kipande kipana cha mpira ambacho hakikuwa na ncha ya kuitobolea.

Hilo la ncha ni muhimu. Kama kitu chenye uzito ule kingekuwa chuma chenye pembe kali, kingetoboa na kuingia, na sehemu kubwa ya nishati ingepotea ndani ya tangi nyuma ya tundu moja. Mpira mpana haukuweza kutoboa kwa urahisi. Uliisukuma ngozi ya bawa iingie ndani kama kiganja kinavyobonyeza tumbo la dumu, na nishati yote ikageuka kuwa mwendo wa ngozi pamoja na mwendo wa kilichokuwa nyuma ya ngozi hiyo. Nyuma yake kulikuwa na mafuta.

Mahali pa pigo na mahali pa jeraha

Kabla ya kuingia kwenye mafuta, nirudi nyuma kidogo hadi mwaka 1872, kwa kuwa wazo lenyewe ni la zamani kuliko ndege. Mhandisi wa Uingereza John Hopkinson alifunga waya wa chuma kwa ncha ya juu, akaweka kizuizi kwenye ncha ya chini, kisha akaachia uzito uliotobolewa katikati uteleze kando ya waya na kugonga kizuizi. Mtu angetarajia waya ukatike chini, pale unapogongwa. Katika majaribio mengi ulikatika juu, pale ulipofungwa. Na kilichoamua kama utakatika kilikuwa zaidi kimo ulikoachiwa uzito kuliko ukubwa wa uzito wenyewe. Yaani kasi ndiyo iliyotawala.

Maelezo yake ni kwamba pigo la haraka halifiki kila mahali kwa wakati mmoja. Husafiri ndani ya metali kama wimbi, kwa maelfu ya mita kila sekunde, na sehemu ambayo wimbi halijafika haina habari kwamba kumetokea pigo. Wimbi linapofika kwenye ncha iliyofungwa hurudi nyuma, na kwa muda mfupi linalorudi hujumlishwa na linalokuja. Mkazo mahali hapo huwa karibu mara mbili ya ule wa mahali pa pigo. Waya uliostahimili pigo chini haustahimili jumla hiyo juu. Mwanawe, Bertram Hopkinson, alionyesha mwaka 1914 sura nyingine ya jambo hilo hilo: baruti ikilipuliwa juu ya uso mmoja wa bamba nene la chuma, gamba la chuma huweza kubanduka na kuruka kutoka kwenye uso wa pili, ule ambao haukuguswa.

Majaribio hayo mawili ndiyo ninayoyakumbuka kila ninapomsikia mtu akisema kwamba sehemu iliyovunjika ndiyo iliyopigwa. Katika mizigo ya polepole kauli hiyo mara nyingi ina ukweli. Katika mapigo ya kasi, jeraha hukaa pale nguvu zinapokutana, na mahali hapo huamuliwa na umbo la kitu kizima: kingo zake, viungo vyake, mbavu zake, na kilichomo ndani yake.

Tangi lililojaa

Mtu yeyote aliyewahi kuona dumu la lita 20 lililojaa likianguka kutoka kwenye gari anajua linavyopasuka. Mara nyingi hupasuka kwenye mshono au kwenye kona iliyo mbali na ile iliyogonga lami, na maji hutoka kwa nguvu kana kwamba yalikuwa yamefungiwa kwa hasira. Dumu tupu likianguka kutoka kimo hicho hicho huruka, hubonyea, na huokotwa likatumika tena. Tofauti haimo kwenye plastiki. Imo kwenye maji.

Kimiminika hakikubali kubanwa. Mafuta ya ndege yana uzito wa gramu 800 hivi kwa lita, na sauti husafiri ndani yake kwa takriban mita 1,300 kwa sekunde. Kutokana na tarakimu hizo mbili hupatikana kwamba kuyapunguza ujazo kwa asilimia moja tu kunahitaji shinikizo la zaidi ya baa 130. Ngozi ya tangi ikisukumwa ndani kwa sentimita chache, ujazo huo wa mafuta lazima uende mahali. Kama juu ya mafuta kuna hewa ya kutosha, uso wa mafuta hupanda na hewa hubanwa, nayo hubanika kwa urahisi. Tangi namba 5 wakati wa kupaa lilikuwa limejaa karibu kabisa, na nafasi ya hewa iliyosalia ilikuwa ndogo mno.

Upo pia upande wa muda. Ngozi ikisogea sentimita 5 kwa mwendo wa mita 50 kwa sekunde, tendo zima limekwisha ndani ya elfu moja ya sekunde. Katika muda huo huo wimbi la shinikizo ndani ya mafuta limesafiri zaidi ya mita moja, likagonga kuta na mbavu za tangi na kuanza kurudi. Mafuta yaliyo mbali hayajapata muda wa kujisogeza kwa utulivu, kwa hiyo yanafanya kazi kama ukuta kwa upande mmoja na kama nyundo kwa upande mwingine. Ngozi iliyo jirani na mahali pa pigo, ambayo haikuguswa na mpira hata kidogo, hujikuta ikisukumwa kutoka ndani. Chukua bamba la sentimita 30 kwa 30 na uliwekee shinikizo la baa 10, ambalo ni dogo ukililinganisha na yale ya hapo juu: nguvu inayolisukuma nje inafikia uzito wa tani 9. Hesabu hii ni ya kukadiria na haidai kurudia zile za wachunguzi, lakini inaonyesha kwamba hakuna haja ya kutafuta nguvu ya ajabu.

Hitimisho la BEA, katika ripoti yake ya mwisho ya Januari 2002, lilifuata njia hii. Bamba lilichomolewa kutoka ndani kwenda nje kwa mchakato uliopitisha nishati ya kipande cha tairi, kilichopiga sehemu nyingine ya tangi, kupitia kubonyea kwa ngozi na kusogea kwa mafuta, na huenda mapigo mengine madogo au mshtuko wa shinikizo ndani ya mafuta vilichangia. Wataalamu wa ndege za kivita walikuwa wameyajua kwa miaka mingi madhara ya risasi inayoingia kwenye tangi lililojaa, ambapo ukuta wa kutokea hupasuka vibaya kuliko ule wa kuingilia. Katika ndege za abiria, tangi kupasuka kwa namna hii, bila tundu kubwa la kuingilia, halikuwa jambo ambalo kanuni za usanifu zililitazamia.

Je, aloi ilikuwa na kosa?

Hapa ninataka kuwa mwangalifu, kwa sababu ni rahisi kuilaumu metali. Aloi ya Concorde iliitwa AU2GN huko Ufaransa na RR58 huko Uingereza: alumini yenye shaba asilimia 2 na kidogo, magnesi asilimia 1.5 hivi, na chuma na nikeli karibu asilimia moja kila kimoja. Ilichaguliwa kwa sababu ndege inayokwenda mara mbili ya kasi ya sauti hupashwa joto na hewa hadi ngozi yake kufikia nyuzi 100 na zaidi, na alumini nyingi za ndege za kawaida hulegea na kunyooka polepole zikikaa kwenye joto hilo kwa maelfu ya saa. Sifa iliyotafutwa ilikuwa ustahimilivu wa joto la muda mrefu. Paneli zake zilichongwa kutoka kwenye mabamba manene, mbavu na ngozi zikiwa kitu kimoja, ili kupunguza uzito na viungo. Katika paneli za namna hiyo unene hubadilika ghafla pale ubavu unapoota kwenye ngozi, na hapo ndipo metali inayosukumwa nje hunyooka kuliko kwingineko.

Vyuma vingi vya kawaida hubadilika tabia vinapopigwa kwa haraka, hasa kwenye baridi: vile vinavyokubali kunyooka vikivutwa polepole huvunjika kama kigae. Aloi za alumini hazina tabia hiyo kwa kiwango kikubwa. Katika jaribio la kawaida la maabara sampuli huvutwa kwa kasi ambayo asilimia moja ya urefu wake huongezeka kwa sekunde 10 hivi. Katika tangi la Concorde, kwa makadirio yangu ya hapo juu, kasi hiyo ingekuwa kubwa mara mia elfu, na bado nguvu ya aloi ya alumini isingebadilika sana. Titani ni habari tofauti. Aloi zake hupitisha joto vibaya, takriban mara 20 chini ya aloi kama ile ya bawa, kwa hiyo zikikatwa au kupigwa kwa haraka joto la kutelezeana halipati muda wa kuondoka, metali hulegea kwenye ukanda mwembamba, na mpasuko hufuata ukanda huo. Bamba lile lilikuwa la alumini na halikuhitaji maelezo hayo. Lilifanya kile ambacho aloi yenye afya hufanya: lilinyooka hadi mwisho wa uwezo wake, kisha likaachia. Ninaiona hiyo kuwa sehemu nzito zaidi ya kisa hiki, kwani metali isiyo na dosari, iliyopita kila ukaguzi, ilishindwa na mzigo ambao haukuwa kwenye hesabu za waliouchora muundo.

Yaliyotangulia

Mzigo huo haukutoka mbinguni. Ripoti ya BEA ilihesabu visa 57 vya matairi ya Concorde kupasuka au kuishiwa hewa tangu ndege hizo zianze kazi. Kumi na viwili kati yake viliharibu bawa au matangi, na sita vilitoboa matangi. Kinachojulikana zaidi ni cha Washington, tarehe 14 Juni 1979, ambapo matairi mawili yaliharibika wakati wa kupaa na vipande vikatoboa matangi ya bawa la kushoto. Mafuta yalivuja bila kuwaka, na ndege ikatua salama. Baada ya kisa hicho yaliwekwa mambo ya maana: mfumo wa kuwaonya marubani kuhusu tairi lililopungua hewa, pamoja na magurudumu na matairi imara zaidi.

Tatizo ninaloliona katika orodha ile ni jinsi ilivyosomwa. Kila kisa kiliingizwa kama tundu: ukubwa wake, mahali pake, lita ngapi zilivuja. Ukiyapanga matundu sita madogo unapata picha ya hatari inayovumilika, kwa sababu tundu dogo huvujisha kidogo. Picha hiyo haikuweza kuonyesha kwamba kipande kikubwa zaidi, chenye uso mpana, hakitatoa tundu kubwa zaidi la aina ile ile. Kingeleta aina nyingine ya kuvunjika. Tofauti kati ya kilo chache na gramu mia kadhaa haikuwa tofauti ya kiasi peke yake.

Kisa cha Manchester cha tarehe 22 Agosti 1985 kinafaa kuwekwa kando yake, kwani kilikuwa cha kutobolewa hasa. Boeing 737 ya British Airtours ilipokuwa ikikimbia ili ipae, chumba kimoja cha mwako cha injini ya kushoto kilipasuka, na kipande chake kikapiga kifuniko cha kuingilia tangi chini ya bawa. Kifuniko kile kilitengenezwa kwa aloi ya alumini ya kumimina, na uwezo wake wa kustahimili pigo ulikuwa takriban robo ya ule wa ngozi ya bawa iliyokizunguka. Kilivunjika, mafuta yakawaka, na watu 55 wakafa. Pale jibu lilikuwa la moja kwa moja: vifuniko vipewe nguvu inayolingana na ngozi. Kwa Concorde jibu la namna hiyo halikuwezekana. Kuongeza unene wa ngozi ya chini kungeongeza uzito ambao ndege hiyo isingeweza kuubeba.

Kilichorekebishwa

Cheti cha kuruhusu Concorde kuruka kiliondolewa tarehe 16 Agosti 2000. Ziliporudi kazini tarehe 7 Novemba 2001, zilikuwa na mabadiliko yaliyogusa ncha zote mbili za mnyororo. Michelin ilitengeneza tairi jipya ambalo halipanuki sana linapozunguka kwa kasi na ambalo likikatwa huachia vipande vyepesi, na majaribio yake yalihusisha kupitishwa juu ya utepe kama ule wa titani. Nyaya za umeme zilizo karibu na magurudumu zilipewa kinga. Kesi zilizofuata mahakamani zilidumu hadi 2012, mahakama ya rufaa ya Versailles ilipofuta hatia ya jinai iliyokuwa imetolewa dhidi ya Continental miaka miwili kabla.

Ndani ya matangi yaliyo karibu na magurudumu ziliwekwa tandiko za mpira ulioimarishwa kwa Kevlar, yaani nyuzi bandia imara sana, zilizokatwa kwa kufuata umbo la kila chumba kati ya mbavu. Tandiko hizo hazikukusudiwa kuzuia metali isipasuke. Zilipangwa kwa kukubali kwamba bamba linaweza kuondoka tena: mafuta yanayokimbilia tundu hulivuta tandiko hadi likae juu ya mwanya, na kinachobaki kupita ni mvujo mdogo badala ya mto.